Makutano Ishirini na Mawili ya Buswelu

Siku ile tulikuwa watano. Alikuwepo Mwalimu Bugumba, mwalimu mstaafu aliyezianzisha mbio zetu, mwenyekiti wa kamati tangu mwanzo. Alikuwepo Idrisa, mwenye duka la spea za baiskeli, mtunza fedha wetu. Alikuwepo Afande Tausi, inspekta aliyepewa jukumu la usalama wa siku ya mbio. Alikuwepo mdogo wangu Doto, ambaye hakualikwa. Alikuja kuniletea chakula kwenye hotipoti akabaki amesimama mlangoni. Na mimi Kabula, msimamizi wa njia. Nawataja wote kwa sababu baadaye nusu ya Mwanza ilidai ilikuwepo kwenye kikao kile, na kila mtu ana lake la kusimulia. Hatukuzidi hao.

Afande aliweka karatasi mezani. Idrisa akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Afande, hii ni gharama ya mwaka mmoja au mpaka tufe?"

"Ya asubuhi moja."

"Mwaka juzi tulikuwa na askari wawili na pikipiki."

"Mwaka juzi mlikuwa watu mia tatu mnaofahamiana," Afande akasema, bila ukali. "Sasa mnafunga barabara za mji mzima. Mna makutano arobaini na moja. Kila makutano askari wawili. Wanaamka saa tisa usiku, wanarudi kwao saa nane mchana. Wale chakula, wasafirishwe, wapate posho. Hapo sijataja gari la wagonjwa. Unataka nikate wapi?"

Hakuwa na kosa. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea, maana ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii mna tabia ya kumlaumu polisi kila ada inapopanda. Mwaka mmoja nyuma kipikipiki kiliingia katikati ya wakimbiaji pale sokoni, kikapita pembeni ya mama mmoja kama upana wa kiganja. Mimi ndiye niliyemfuta yule mama machozi. Makutano yasiyo na mtu ni hatari, na mtu wa kusimama pale ana gharama.

Idrisa alipiga hesabu kwenye simu. Ada ilikuwa elfu kumi na tano kwa mgeni, na elfu kumi kwa mtu wa hapa, ambayo tuliiita bei ya wenyeji. Sasa itakuwa elfu arobaini na tano kwa kila mtu. Bei ya wenyeji inafutwa.

Doto akacheka pale mlangoni. Alikuwa mchukuzi wa dagaa Igogo, analipwa shilingi mia tano kwa gunia. "Hiyo ni magunia tisini," akasema. "Na bado sijala."

"Nitakulipia," nikamwambia.

"Dada, ulinilipia shule wakati wewe mwenyewe umeacha. Ya kukimbia nitalipa mwenyewe, au sitakimbia."

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na tatu. Hakukosa mbio hata mwaka mmoja tangu zianze. Watu wa namna yake walikuwa kama sitini: wachukuzi, wauza samaki, mafundi wa viatu, vijana wa kuosha magari. Wao ndio waliokuwa wanakimbia kabla haijatokea hata fulana moja yenye nembo ya mfadhili. Mwalimu Bugumba akanigeukia.

"Kabula, njia ni yako. Afande anahesabu makutano. Punguza makutano. Una wiki mbili."

Basi, hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Nikishindwa, Doto na wenzake wangesimama pembeni mwa barabara wakiwapigia makofi wageni.

Kabla sijawaambia nilichofanya, niwaeleze kidogo nilivyofika pale, msije mkadhani nilisomea. Sisi kwetu ni karibu na Bujora. Baba alitangulia mbele ya haki, mama akafuata mwaka uleule. Nilikuwa darasa la tano, na pacha Kulwa na Doto walikuwa na miaka miwili. Niliacha shule siku ya Ijumaa na Jumatatu nilikuwa Igogo nafua nguo za watu. Kazi ya mbio ilikuja baadaye sana, nikiwa mtu mzima, Mwalimu Bugumba alipotafuta wanawake wa kukaa kwenye meza za maji.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilifikiri, watu hawa wametoka nyumbani alfajiri, hakuna aliyekula. Nikawapikia uji. Uji mzuri wa ulezi, ndoo mbili, na sukari. Mkimbiaji wa kwanza alichukua kikombe akidhani ni maji, akabugia lote bila kupunguza mwendo. Sitawasimulia kilichotokea mbele ya msikiti. Mwalimu alikuja na baiskeli, akaonja uji, akasema, "Mtamu. Mwaka ujao weka baada ya mstari wa kumalizia." Hakunifukuza. Mwaka uliofuata akanifundisha kupima njia.

Njia tunaipima kwa baiskeli, na ninyi mwendelee hivyo hata kama mna saa za kisasa. Kila mwaka watakuja watu ishirini kuwaambia saa zao zinasema mmeongeza mita mia mbili. Wasikilizeni kwa heshima, kisha muwaulize kama walipita kona kwa ndani au walizunguka kwa nje kuwapungia ndugu zao. Kazi ya baiskeli ni hii: unachukua futi kamba ya chuma, si ya kitambaa, unapima mita mia tatu kwenye barabara iliyonyooka. Unaipita mara nne ukihesabu mizunguko ya gurudumu. Upepo wa tairi uwe uleule, na upime asubuhi, kwa sababu jua la Mwanza likipanda juu ya yale mawe, tairi linavimba na hesabu yako inageuka. Halafu unapita njia yote kwenye mstari mfupi ambao mkimbiaji mjanja angeupita. Usiendeshe kama dereva. Mimi mwaka mmoja niliendesha kama dereva, nikakwepa kila shimo, na watu wakakimbia pungufu. Aliyevunja rekodi siku ile bado hanisalimii vizuri tangu nilipomwambia ukweli.

Nirudi kwenye makutano. Nilizunguka mji siku nne. Njia ya zamani ilipita Igogo, ikajipinda kwenye vichochoro vya biashara, na kila kichochoro Afande alikihesabu. Nikaacha kipande kimoja tu cha Igogo, kile cha kando ya ziwa ambacho kina upande mmoja usio na barabara. Ziwa halina makutano. Kipande kirefu nikakipeleka Buswelu, kwenye viwanja vipya. Kule makutano yapo mengi, lakini ni ya vumbi, gari linapita moja kwa nusu saa.

Nikayahesabu hayo ya Buswelu. Ishirini na mawili.

Nilimpelekea Afande Tausi mchoro. Akauangalia vizuri.

"Ya mjini nakuelewa. Haya ya Buswelu umeyawekea alama ya msalaba. Ndiyo nini?"

"Hapo watasimama sungusungu."

Sungusungu kwetu ni watu wa kijiji wanaojilinda wenyewe, wana kamanda wao na zamu zao, na hata huko kwenye nyumba mpya bado wapo. Niliona hakupenda. Lakini naye alikuwa amesikia hesabu ya magunia tisini.

"Nitaweka askari wangu mmoja kuwasimamia wote," akasema mwishoni. "Mmoja. Likiharibika, Mama Kabula, mwaka ujao sitakuwa na la kusema kwa wakubwa."

"Halitaharibika, Afande."

Kesho yake nikaenda kwa Kamanda Masele wa Buswelu. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, nikaeleza, nikamaliza kwa kusema kamati ina kiasi kidogo cha posho. Akaacha kuchonga.

"Posho ya nini?"

"Ya kusimama, Kamanda. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tano."

"Hapa mtu akija kukusaidia kulima, unampa posho?"

"Hapana."

"Unamfanyia nini?"

"Naenda kumlimia na mimi."

"Wewe ni mtu wa Bujora, unajua halafu unaniuliza. Wanaume ishirini na wawili watakupa siku. Wewe utawarudishia siku. Kila mmoja kwake."

"Kamati ndiyo inayoomba, Kamanda, siyo mimi."

"Mimi simwoni kamati hapa. Nakuona wewe."

Nikakubali. Siku ishirini na mbili za jembe. Nilikuwa na nguvu bado, na nilikuwa nimelima tangu nikiwa mtoto. Nilimwambia Idrisa tu, naye akasema, "Dada Kabula, umekopa kwa riba ambayo hata mimi siijui." Nikamwambia hakuna riba. Siku kwa siku.

Wiki ya mwisho niliwakusanya wale wanaume kiwanjani Buswelu nikawafundisha. Simama katikati, usikae pembeni. Mikono iwe wazi, fimbo iwe chini. Gari likija, mwambie dereva dakika na siyo amri: ukimwambia "subiri dakika saba" atazima injini, ukimwambia "hupiti" atatafuta njia ya kukuzunguka. Walinielewa upesi kuliko askari mgambo niliowahi kuwafundisha. Kisha nikafanya jambo nililoliona la akili. Nikawaomba wote wakabidhi filimbi zao. Askari wa mbio wanatumia filimbi, nikasema, tusije tukachanganyana. Wakanipa. Nilizitia kwenye mfuko wa rambo nikazifunga fundo.

Hapo ndipo nilipokosea, na wala sikujua.

Asubuhi ya mbio ilianza vizuri. Bei ya wenyeji ilikuwa imebaki, ikipanda tu mpaka elfu kumi na mbili. Doto alilipa mwenyewe, noti za elfu mbilimbili zenye harufu ya dagaa. Nilimwona kwenye mstari wa kuanzia amefunga kitenge kichwani, anawatania vijana wa Igogo: "Mkichoka mniambie niwabebe, nimezoea mizigo." Mjini askari walisimama, magari yakasimama, hakuna shida. Nikapanda pikipiki kwenda Buswelu kuwatangulia.

Kabla sijafika, wakimbiaji wa mbele walikuwa wameshapita. Kundi la katikati, kama watu arobaini, Doto akiwemo, ndilo lilikuwa linaingia Buswelu. Kule juu kwenye makutano ya tatu, pikapu iliyobeba mchanga ilikuja kwa kasi. Yule askari mmoja wa Afande akafanya alichofundishwa. Akapuliza filimbi, ndefu, kwa nguvu.

Ninyi mliokulia mjini labda hamjui. Kwetu, filimbi ikilia ni mwizi. Haijalishi ni saa ngapi, haijalishi nani amepuliza. Kila mwanaume anaacha alichoshika anakimbilia inakotoka, na asiyekimbia atalipishwa. Nilipokuwa mtoto nilimwona baba akitoka nyumbani na kiatu kimoja. Mimi nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye kamati. Niliwanyang'anya filimbi, sikuwanyang'anya masikio.

Makutano yote ishirini na mawili yakabaki wazi kwa mara moja. Wanaume wakachomoka na fimbo zao. Wa bondeni walikata njia ya mkato, ile inayopita nyuma ya kanisa. Na lile kundi la katikati, watu waliochoka, wakiangalia miguu, waliona watu wanakimbia mbele yao kwa kasi. Wakawafuata.

Aliyeshtuka wa kwanza ni Doto. Aliniambia baadaye alikuwa anajiuliza hawa wamepata wapi nguvu, halafu akaangalia vifua na migongo. "Jamani, hawa hawana namba," akasema. "Na wana marungu." Kijana mmoja nyuma yake akajibu, "Mama, kimbia tu, labda ni wafadhili."

Walikwenda mpaka uani mwa kanisa. Ibada ilikuwa inaendelea. Katekista alitoka, akawaona watu arobaini wanahema na karatasi vifuani, akadhani ni wageni wa harambee, akaagiza viti. Doto ndiye aliyewageuza. Aliwarudisha mpaka barabarani, akawaonyesha njia mmojammoja, akasimama mwenyewe kwenye makutano yaliyokuwa wazi mpaka wa mwisho akapita. Ndipo akaendelea. Alimaliza karibu na gari la kufagia, lile linalowafuata wa mwisho.

Pikapu haikumgonga mtu. Dereva alizungukwa na wanaume ishirini na wawili akakabidhi funguo, simu na mkanda wa suruali kabla hajaulizwa swali. Nilipofika, Kamanda Masele akaniuliza, "Mwizi ni huyu?" Nikamwambia hapana, Kamanda, hakuna mwizi. Akaniangalia. "Basi filimbi ya nini?" Nikamwomba arudishe watu kwenye nafasi zao, akawarudisha, na walisimama mpaka saa sita, saa moja zaidi ya tuliyokubaliana, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa.

Watu wa Igogo walicheka kwa mwezi mzima. Wageni hawakucheka. Walikuwa wamesafiri, wamelipia hoteli, muda wao umeharibika, na walikuwa na haki. Wafadhili waliandika barua. Kwenye kikao cha tathmini Afande Tausi hakuniumbua. Alisema tu, "Makutano hayakuwa na mtu kwa dakika tisa. Kama lingekuwa lori?" Kila mmoja aliliona lile lori kichwani mwake. Mwaka uliofuata askari wakawekwa kwenye makutano yote, na ada ikawa elfu hamsini, mtu wa hapa na mgeni sawasawa. Niliandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu alikataa kuipokea mara mbili, mara ya tatu akaipokea.

Doto hajakimbia tena mbio zile. Nilimuuliza kama ana hasira na mimi. Akasema, "Dada, ungenipikia uji siku ile, ningekasirika." Kisha akaongeza, "Ila nilitamani nimalize mara moja vizuri." Sasa anakimbia Jumapili peke yake, kandokando ya ziwa, na siku ya mbio hufunga mlango wake asubuhi mpaka muziki uishe.

Mnaochukua kazi hii, ada haitashuka. Watu ni wengi, magari ni mengi, na hakuna mkuu atakayekubali makutano matupu. Mtakachoweza kupunguza ni makutano yenyewe, kwa baiskeli na miguu yenu. Na mkimweka mtu yeyote mahali, msimweleze tu afanye nini. Muulizeni yeye huwa anafanya nini akisikia filimbi, akiona moshi, akiitwa jina. Swali moja tu. Mimi sikuliuliza, na watu sitini walilipia.

Yale ya Buswelu hayakuisha na kikao. Wiki moja baada ya mbio nilibeba jembe nikaenda kwa Kamanda Masele.

"Umekuja kufanya nini?" akaniuliza. "Kazi yetu iliharibika."

"Mlisimama au hamkusimama?"

"Tulisimama."

"Basi nionyeshe shamba la kwanza."

Doto alitaka kuja kunisaidia ili twende haraka. Kamanda akamkataza kwa upole: siku ni ya aliyeiomba. Kwa hiyo nimekwenda peke yangu, misimu mitatu sasa, mvua za vuli na za masika. Nimelima mihogo, viazi na mpunga. Mmoja wao shamba lake aliliuza likawa kiwanja. Nikamuuliza siku yake niifanye wapi, akasema kwenye msingi wa nyumba ya mwanawe. Nikabeba mawe kutwa. Mwingine alihamia Kisesa, nikamfuata. Mwingine alifariki, na mjane wake aliponiona nimefika na jembe akasema, "Mimi hukuniahidi kitu." Nikamwambia marehemu alisimama kwenye makutano ya kumi na nne, kwa hiyo palizi ni yake. Akaniacha nipalilie, akaniletea maziwa.

Kamanda ameshasema mara mbili mbele ya watu kwamba nimesamehewa zilizobaki. Nimemshukuru mara zote mbili. Sikumwomba msamaha, nilimwomba siku, na siku alinipa.

Nimelipa kumi na sita. Zimebaki sita, ya Kamanda mwenyewe ikiwa mojawapo, na goti la kushoto halikipandi tena kile kilima cha kwenda Buswelu bila kupumzika njiani.